Korg Monologue: osileta mbili, filta moja, na biti za uswahilini

Wadau wa biti, naona wengi mnauliza kama Korg Monologue inafaa kununua au bora mtu abaki na laptop na FL Studio yake (programu ya kutengenezea biti). Ngoja niseme nilichokiona maana kamashine haka kameshaingia kwenye kazi zangu hapa Sinza na sikauzi. Ni sintesaiza ya analogi, yani kinanda kinachozalisha sauti kwa saketi za umeme zenyewe, ilitoka mwanzoni mwa 2017, na inatoa noti moja kwa wakati, nasema moja, ukibonyeza kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) utasikia keyi moja tu inalia. Kwaiyo kama unatafuta kinanda cha kwaya pitiliza, nenda Kariakoo kachukue keyboard ya kawaida yenye ridhimu zake na Mungu akubariki. Na hizi keyi zenyewe ni 25 tu, vidogovidogo, mwenye vidole vinene atajuta.

Utamu wake uko kwenye nobu, vile vitufe vya kuzungusha. Osileta (sehemu inayozalisha sauti) ya kwanza inakupa mawimbi matatu, mraba, pembetatu na msumeno, ya pili inakupa pembetatu, msumeno na noizi, ule mlio wa shhh (mraba hamna, wameweka noizi mahali pake, na kwa kutengeneza haihati, zile sahani za drams, noizi ni dawa). Msumeno umebeba haamoniki zote (sauti ndogondogo za juu zinazoambatana na noti) ndo maana unakwaruza, mraba umebeba zile za witiri tu ndo maana unasikika kama una uwazi ndani. Halafu kila osileta ina nobu ya shepu, ukiizungusha unaliona wimbi linajikunja palepale kwenye kiskrini, na hapo ndo nilipoanza kuelewa vitu ambavyo kwenye kompyuta nilikua nachagua tu preseti (sauti zilizotengenezwa tayari) na kusonga mbele.

Sasa chukua msumeno kwenye osileta zote mbili, ya pili isogeze pichi (kimo cha sauti) kidogo sana. Moja ikiwa hezi 440 nyingine 442 utasikia sauti inapumua mara mbili kila sekunde, besi inanenepa bila kuongeza efekti yoyote. Ukizidisha inakua ving'ora, kama unapenda hivyo sawa. Halafu kuna swichi ya sinki, hii inailazimisha osileta ya pili ianze upya kila ya kwanza inapomaliza mzunguko, kwaiyo ukizungusha pichi ya ya pili noti haihami ila sauti inachanika, inapiga kelele kinoma. Wazee wa singeli hii ni yenu kabisa, maana tempo ya sikwensa (inayojipigia noti ulizopanga) inapanda hadi 300 na huo mlio haupotei katikati ya ngoma zote zile.

Filta ndo iliyonifanya nibaki nayo. Ni lo-pasi (inapitisha sauti za chini, inapunguza za juu) ya desibeli 12 kwa oktavu, yani juu ya pale ulipoweka katofu, ule mpaka wa kukatia, kila frikwensi ikiongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 12. Mashine nyingine zinakata 24, zinafunga mlango kabisa. Hii inaacha vumbi kidogo la juu lipite, na mimi napenda hivyo kwasababu spika za bajaji na simu hazina besi ya maana, lile vumbi ndo linamfanya msikilizaji ajue kuna besi pale. Rezonansi (inakazia sauti pale kwenye katofu) ipandishe taratibu aisee, inafika mahali filta inaanza kupiga filimbi yenyewe, vaa hedifoni kwa tahadhari. Kuna na nobu ya draivu, ya kuikwaruza sauti, nusu inatosha, zaidi ya hapo kiki (ngoma nzito ya chini) na besi zinagombana.

Kinachoniudhi ni envelopu, inayopanga sauti inavyopanda na kushuka. Iko moja, ina ataki (kupanda) na dikei (kushuka) tu, hamna sasteni (kubaki) na rilisi (kufifia ukiachia) za kuziseti kama ulivyozoea kwenye plagini za kompyuta, kwaiyo kuichonga sauti kwa undani sahau. Ila nobu yake ya kiasi ukiipeleka kushoto kwa katikati inageuza mwelekeo, filta inafungwa pale ambapo ilitakiwa ifunguke, na kwenye besi fupifupi inaleta mdundo wa kunywea ndani ambao sijaupata kirahisi kwingine. Ukirekodi mzunguko wa katofu kwenye zile stepu 16 za sikwensa inaukumbuka mkono wako ulivyotembea, basi biti yenyewe inabadilika huku wewe unakunywa chai.

Watu wa taarab msidharau pia. Inakubali kutengeneza skeli (ngazi za noti) zako mwenyewe, unashusha noti moja robo toni au chini ya hapo, kwaiyo zile sauti za kanuni na fidla ambazo kinanda cha kawaida kinazikosa hapa unazipata, ila ndo hivyo tena, noti moja moja.

Joto letu hili la Januari linazisumbua analogi, ila ukiiwasha inajitune yenyewe, iache ipate moto kidogo kabla hujarekodi. Umeme ukikatika inaendelea na betri 6 za AA, hapo mwenye laptop mbovu ya chaji anakutazama tu. Adapta haiji kwenye boksi, unatafuta ya volti 9, na angalia ule mchoro wa chanya na hasi nyuma ya mashine kabla hujachomeka, muuza duka akikwambia "zote sawa tu braza" mrudishie adapta yake.