Kinga ya tumbo la kayaki: cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Pindua kayaki (kile chombo chembamba cha kupiga kasia) yoyote ya plastiki iliyotumika mwaka mmoja au miwili Nyali au Bamburi, hapa Mombasa, uitazame tumbo. Katikati utakuta mikwaruzo mingi ya juu juu, haina neno. Kwenye omo, yaani mbele, alama chache. Sasa tazama tezi, yaani nyuma, pale mkuku (uti wa chini wa chombo) unapoanza kupanda: hapo plastiki imesagika, pengine imebaki nyembamba hata inabonyea ukiisukuma kwa kidole gumba. Wengi husingizia mwamba. Mimi namlaumu mtu aliyeshika kamba ya omo akaiburura kayaki kutoka garini hadi majini, uzito wote umelalia tezi, na chini mchanga wenye vipande vya matumbawe ukifanya kazi ya msasa.

Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa kuangalia uchakavu unaanzia wapi. Urembo wa kitu chenyewe dukani sikuutia maanani.

Namba moja: kigari cha magurudumu mawili

Si kinga ya kubandika, najua, lakini hakuna kitu kingine kitakachookoa plastiki nyingi zaidi kwa pesa yako. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huku kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Unaingia maji yamejaa, hatua kumi kutoka kwenye minazi. Unarudi yamekupwa, na mbele yako ni uwanda mrefu wa mchanga, majani ya bahari na mawe. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja ina kilo 20 hadi 35. Ukiwa peke yako, umechoka, utaiburura tu.

Kwenye kigari tazama vitu viwili. Kwanza magurudumu: yawe mapana na laini. Membamba huzama mchangani na kigari hugeuka nanga. Ya upepo ni mazuri ukiyapunguza upepo kidogo, ila miiba na matumbawe huyatoboa, kwa hiyo kwa njia za mawe kama zile za kushukia Tudor heri ya sponji ngumu yasiyo na tyubu. Pili ekseli: iwe ya chuma kisichoshika kutu, na ndani ya gurudumu kuwe na bushi ya nailoni. Beringi za chuma hugandana mapema kwa chumvi. Kama vigari vya kuagiza vimekushinda bei, fundi wa kulehemu anaweza kukuundia fremu ya aluminiamu. Umwambie sehemu ya kulalia kayaki aivalishe sponji, la sivyo umehamisha mkwaruzo kutoka tezini hadi ubavuni.

Namba mbili: kiraka tezini

Hiki ni cha kayaki iliyokwisha kuliwa, au ya kazi, ile ya kukodishwa watalii kutwa. Hapa lazima ujue kayaki yako ni ya nini, maana tiba ya plastiki na tiba ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini) hazikutani popote.

Nyingi za plastiki ni polietilini, na polietilini haishiki gundi. Epoksi ya kawaida utaipaka, itakauka vizuri, kisha itabanduka nzima kama ganda. Dawa yake ni kulehemu kwa joto, plastiki kwa plastiki ya aina yake. Mafundi wa bampa za magari wanayo mashine na mkono wanao, lakini vijiti vyao mara nyingi ni polipropilini, kwa kuwa bampa nyingi ndivyo zilivyo. Polipropilini na polietilini hazishikani. Utalipa, utafurahi wiki mbili.

Nenda na plastiki yako mwenyewe: mtungi mkuukuu wa lita 20, ile ya njano wanayobebea maji kwenye mikokoteni. Uupindue usome kitako. Ukiona pembetatu yenye namba 2, hiyo ni polietilini. Bampa itakuwa na herufi PP au namba 5. Mwambie fundi akate utepe kutoka kwenye mtungi, na kabla hajagusa tezi ajaribu mahali pasipoonekana, mathalani ndani ya ukingo wa kiti. Kipande hicho cha kujaribia kikishapoa, akivute kwa koleo. Kikitoka safi bila kung'oa kitu, hakikushika: mshukuru uondoke. Tumbo la kayaki za namna hii huwa na unene wa milimita 5 au 6 hivi, basi asichome kwa pupa, atatoboa.

Faiba ina raha yake. Kitambaa cha faiba kilichofumwa na epoksi, tabaka tatu au nne, kila moja pana kuliko iliyotangulia, na kazi imekwisha. Resini ya poliesta, ile yenye harufu kali, ni rahisi zaidi na ndiyo wengi watakayokuuzia, lakini haishiki vyema juu ya faiba iliyokwisha kukauka. Ongeza pesa uchukue epoksi. Kisha ipake rangi, kwa sababu jua huila epoksi. Watakaokushawishi kwa kitambaa cha Kevlar, zile nyuzi ngumu za fulana za kuzuia risasi, waambie kikishaanza kukwaruzika hutoa manyoya na kushika maji na mchanga. Kizuri ndani, si nje.

Namba tatu: ukanda wa kubandika mkukuni

Ni utepe wa PVC wenye gundi yake, unapashwa joto ukafuata umbo. Kwa kayaki ya faiba ambayo bado nzima ni ununuzi mzuri, na ningeuweka juu zaidi lau haungehitaji kuagizwa nje na kulipiwa ushuru. Kwa polietilini pata shaka. Hushika katikati ukaanza kufunuka nchani. Ukiubandika, osha chumvi yote kwa maji matamu yasiyo ya bahari, futa kwa spiriti, kata ncha ziwe mviringo, na uache siku nzima kabla ya kuingia majini.

Namba nne: kivuli

Turubai au banda la makuti. Jua hudhoofisha plastiki, na iliyodhoofika hupasuka pale ambapo ingekwaruzika tu. Usiiache juani imelalia mawe mawili, hulainika ikabonyea. Dawa za kinga ya jua za kupaka zinasaidia, ila ni za kurudia kila mara.

Vya kuacha

Tepu ya kijivu: safari chache tu. Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini: ni ya chombo kinacholala majini, na yako inalala nyumbani. Deheni, hata kama mzee wa ngalawa atakusifia. Mafuta na chokaa ni ya mbao, kwenye plastiki yatakupaka wewe tu. Kibaya kuliko vyote ni bati la aluminiamu lililokazwa kwa skrubu. Umeshatoboa tumbo mara kumi na mbili ili kulilinda, na chaza wa kwanza kwenye mizizi ya mikoko ya Mikindani ataikamata ncha ya bati hilo na kuling'oa pamoja na plastiki yako.