Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10: tathmini baada ya misimu miwili ya vipepeo

Lenzi hii niliinunua kwa kazi moja tu: kumtazama kwa karibu Cupido minimus, kipepeo mdogo kuliko wote wanaozaliana Uingereza, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayafiki sentimita 3. Nimeitumia Salisbury Plain, uwanda wa kusini mwa Uingereza, kwenye nyasi za ardhi ya chokaa, kwa misimu miwili.

Ingawa huhesabiwa miongoni mwa vipepeo wa buluu, kwa macho matupu huonekana wa kahawia iliyokolea kama masizi. Lenzi ndiyo iliyonionyesha asili ya jina hilo: juu ya mabawa ya dume yametawanyika magamba ya buluu yenye mng'ao wa fedha, mazito zaidi karibu na kiwiliwili, ilhali jike ni kahawia tupu. Upande wa chini ni wa kijivu chenye vidoa vyeusi, bila doa lolote la rangi ya chungwa. Kioo ni safi, na hata pembezoni rangi hazichujuki.

Ugumu wake ni kwamba lazima uisogeze hadi sentimita 2 na nusu hivi, na kipepeo aliyekwisha kupata joto la jua hakubali. Nilifanikiwa jioni, wanapokusanyika kulala kwenye nyasi ndefu, vichwa vikielekea chini.

Raha kubwa zaidi niliipata kwenye mayai. Jike huyataga moja moja katika maua machanga ya Anthyllis vulneraria, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano, ambao huko Uingereza ndio chakula pekee cha viwavi wake. Yai ni kisahani cheupe chenye nakshi za wavu, na bila lenzi ungelipita ukidhani ni vumbi. Kiwavi, kwa upande wake, hujichimbia ndani ya ua akila mbegu changa, na kwa kuwa sikubali kupasua ua, hapo lenzi hainisaidii. Mwishoni mwa Julai hushuka ardhini, akajificha katika nyufa au kuvumwani majira yote ya baridi, akageuka pupa masika na kuruka kuanzia Mei.

Kamba iliyokuja nayo ni dhaifu na nimeibadilisha. Anayetaka kuyaona mayai na magamba ainunue hii, wala asikimbilie ya mara 20, ambayo hudai ukaribu zaidi na huonyesha eneo dogo mno.