DDJ-FLX4 mbele ya ukumbi: inakusaidia mikono, wimbo ni juu yako

DDJ-FLX4 ni kontrola ya Pioneer DJ, yaani meza ya vitufe na vitelezi ambayo DJ huiunganisha na laptopu; ilitoka mwishoni mwa mwaka 2022 kuchukua nafasi ya DDJ-400 iliyoitangulia. Ina chaneli mbili, pedi nane kila upande, uzito wa kilo 2.1, na ukiichomeka kwenye laptopu, sehemu ya kupigia muziki ya rekordbox, programu ya kuendeshea nyimbo, inafunguka bila malipo. Hayo ni maelezo ya kawaida. Swali linalomhusu anayetaka kupiga muziki mbele ya watu ni jingine: mashine hii inajenga mikono ya DJ, au inamsaidia kuwachezesha watu? Kwa kifupi, inafanya vizuri sana ile kazi ambayo watu hawaisikii inapofanyika sawasawa, na haigusi kabisa kazi wanayoisikia muda wote, yaani wimbo upi unaingia na unaingia wakati gani.

Tuanze na kitufe cha BEAT SYNC, maana ndicho ma-DJ wanachobishania. Kazi yake ni kulinganisha kasi na mapigo ya nyimbo mbili. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika na mwingine wa 120.1. Tofauti hiyo inaonekana si kitu, lakini baada ya sekunde 30 wimbo mmoja umeshamtangulia mwenzake kwa milisekunde 25, na dakika ikitimia ni 50. Hapo ngoma kubwa haziangukii pamoja tena. Zinalia kama kwato za farasi, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu kumiksi anahisi mguu wake umekosa pa kukanyaga. DJ aliyezoea kulinganisha kwa masikio huhitaji kama sekunde 20 au 30 kwa kila wimbo, na anayejifunza anaweza kumaliza dakika nzima kichwa kikiwa kimeinamia hedifoni. Kama unabadilisha nyimbo kila dakika mbili na nusu, dakika hiyo ni kubwa mno. BEAT SYNC inairudisha mikononi mwako. Ukiitumia kuinua macho na kuwatazama watu, imekulipa. Ukiitumia kucheza na efekti (mapambo ya sauti kama mwangwi), hujapata kitu.

Kudai kwamba anayetumia kitufe hicho si DJ wa kweli ni kubishana juu ya kitu ambacho ukumbi hauna njia ya kukijua. Hata CDJ, vile vicheza muziki vya DJ vinavyokaa kumbini, zina kitufe hicho tangu CDJ-2000NXS ya mwaka 2012. Hata hivyo, kulinganisha kwa masikio bado kunastahili kujifunzwa, na sababu yake ni ya kazi wala si ya heshima: kitufe kinafuata gridi, na gridi hukosea.

Gridi ni mistari ambayo rekordbox inachora juu ya wimbo kuonyesha kila pigo lilipo. Kwa muziki uliotengenezwa kwenye kompyuta huwa sahihi karibu kila mara. Kwa nyimbo za zamani zilizopigwa na bendi, mpiga ngoma huharakisha kidogo kwenye kiitikio na kupoa kwenye ubeti, kwa hiyo gridi ya kasi moja inaanza vizuri na kupotea katikati. Nyimbo za namna hiyo zichambue kwa mfumo wa Dynamic, unaofuata kasi inavyobadilika, badala ya Normal. Kisha washa metronomu ya programu na usikilize sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Metronomu ikigongana na ngoma mahali popote, rekebisha gridi nyumbani, kamwe usisubiri ukumbini. Angalia pia kasi iliyosomwa nusu au maradufu: wimbo wa 174 unaweza kuandikwa 87, na wa 140 ukaandikwa 70. Wimbo ambao gridi yake imekataa kabisa kunyooka uwekee alama, na siku ya kazi uuingize kwa kukata (mmoja unazimwa, mwingine unaanza papo hapo), si kwa kuchanganya.

Kitu cha pili ambacho BEAT SYNC haikijui ni mafungu. Nyimbo nyingi za kucheza zimejengwa kwa mafungu ya mapigo 32. Kwa kasi ya 128, fungu moja ni sekunde 15 kamili; kwa 112, ni kama sekunde 17. Mashine inaweza kupanga mapigo yaendane barabara huku wimbo mpya ukianza katikati ya fungu la wimbo wa zamani. Matokeo yake kiitikio cha mmoja kinaangukia juu ya ubeti wa mwenzake, sauti mbili zinaimba kwa pamoja, na watu wanasimama bila kujua kilichowasimamisha. Kosa hili ni baya kuliko mapigo kupishana kidogo, na kwenye FLX4 dawa yake ni pedi za HOT CUE: unahifadhi alama kwenye wimbo, na ukibonyeza pedi wimbo unaruka hadi hapo. Kwa kila wimbo weka alama nne zenye maana moja siku zote: ya kwanza ni pigo la kwanza la mwanzo, ya pili ni mapigo 32 kabla ya kiitikio, ya tatu ni kiitikio chenyewe, ya nne ni mahali sauti inapoisha na ala zinabaki peke yake. Nyimbo nyingi za siku hizi zinaanza na sauti mara moja, hazina mwanzo wa ngoma tupu wa kukupa nafasi, hivyo alama ya nne ya wimbo unaotoka ndiyo inayoamua lini uachie ule unaoingia. Usibadilishe mpangilio huo kati ya wimbo na wimbo. Kidole kikizoea, jicho linabaki kwa watu.

Sasa Smart Fader. Ukiiwasha na kusogeza feda ya katikati (kitelezi cha kuhama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine), mashine inashughulikia sauti, bezi na kasi kwa wakati mmoja, ili hata nyimbo za kasi tofauti zipokezane. Inafanya kilichoahidiwa. Kasoro yake ni kwamba inamnyima anayejifunza somo lenye faida kuliko yote: bezi ni moja tu kwa wakati mmoja. Bezi mbili zikipiga pamoja, ama zinaongezana hadi desibeli 6 na kuingia kwenye taa nyekundu, ama zinafutana na ngoma inakuwa tupu bila kifua. Njia ya mkono ni hii: nobu ya LOW (ya bezi) ya wimbo unaoingia iwe imefungwa kabisa, pandisha feda yake taratibu kwa mapigo 16 au 32, kisha fungu jipya likianza, fungua LOW ya wimbo mpya na ufunge ya zamani kwa pamoja, juu ya pigo la kwanza. Ukumbi unalisikia pigo hilo mwilini. Smart Fader inalipunguza nguvu kwa sababu inahamisha bezi kwa kufuata mahali feda ilipofika, nayo haijui fungu linaanzia wapi. Nashauri uizime tangu siku ya kwanza. Smart CFX, nobu inayochanganya efekti kadhaa kwa mpigo mmoja, haina madhara, ila ukiizungusha kila wimbo inachosha masikio haraka.

Wanaotenganisha ufundi na kuwafurahisha watu wanasahau ufundi wenyewe ulitoka wapi. Mwaka 1973, kule Bronx jijini New York, DJ Kool Herc aliona wachezaji wanasubiri kile kipande kifupi ambacho ngoma inabaki peke yake, ndipo wanaingia kati kwa nguvu. Akachukua nakala mbili za santuri moja na kukirudia kipande hicho, nakala moja baada ya nyingine. Miruko yake haikuwa safi, na usahihi wa mapigo uliboreshwa na waliomfuata, hasa DJ Grandmaster Flash. Lakini watu walicheza, kwa kuwa kilichorudiwa ndicho walichokuwa wanakitaka. Macho yalitangulia, mikono ikafuata.

Kutazama ukumbi nako kuna utaratibu. Waliosimama mbele kabisa hawakupi habari kamili, kwa kuwa wangecheza karibu chochote. Tazama kingo: watu walio kati ya eneo la kucheza na viti. Wakianza kutikisa kichwa au kusogea hatua moja ndani, unaelekea vizuri. Wakigeuka kuongea na wenzao, umewapoteza hata kama mbele bado kunawaka. Uamuzi juu ya wimbo mpya usiufanye kabla kiitikio chake cha kwanza hakijapita. Wengi huutambua wimbo hapo, na DJ anayeuondoa baada ya sekunde 20 kwa woga anaufundisha ukumbi kutomwamini. Kila wimbo unapopiga, kuwa na nyimbo tatu tayari kwenye orodha ya pembeni: unaopandisha, unaobaki pale pale, na unaookoa. Wa kuokoa uwe unaojulikana na kila rika lililopo, na usitumike mapema. DJ aliyemaliza nyimbo zake kubwa zote katika nusu saa ya kwanza hana pa kwenda, hata akiwa na mikono ya dhahabu. Panga nyimbo tatu au nne za mwelekeo mmoja, kisha geuza. Kugeuza kila wimbo kunachosha miguu, na kutogeuza kabisa kunawarudisha watu vitini.

Kugeuza ndiko kunakopima ufundi kweli. Kutoka 128 kwenda 95 ni pengo la karibu asilimia 26, wakati tempo ya rekordbox kwa kawaida huwekwa kwenye asilimia 6, 10 au 16. Usijaribu kulivuka kwa BEAT SYNC. Wimbo ukisogezwa asilimia 6 bila kufunga ufunguo wa sauti (kuzuia noti zisihame kasi ikibadilika) unapanda au kushuka karibu nusu toni. Ukiufunga na kwenda mbali zaidi, sauti ya mwimbaji inaanza kukwaruza. Hapa zipo njia mbili za uhakika. Ya kwanza: subiri fungu liishe, weka mwangwi kwenye wimbo unaotoka, shusha feda yake, kisha achia wimbo mpya kwenye pigo la kwanza mwangwi ukiwa unaisha. Ya pili ni kukata moja kwa moja kwenye neno ambalo kila mtu analiimba. Hakuna uchanganyaji hapo, na inapoangukia mahali pake hupokewa kwa kelele kuliko mchanganyo wowote wa mapigo 64.

Vifaa vyenyewe vina mipaka ya kujua kabla ya kununua. Jogi, yale magurudumu mawili ya kuzungusha kwa mkono, ni ndogo na nyepesi; zinatosha kusukuma wimbo uliochelewa na kujifunza skretchi (kukwaruza wimbo mbele na nyuma) za mwanzo, ila anayetaka skretchi kwa dhati atazichoka. Tempo feda, yaani kitelezi cha kasi, ni fupi kuliko za CDJ, hivyo unapolinganisha kwa mkono tumia masafa ya asilimia 6, si 16, ili kila mwendo wa kidole ubadilishe kasi kidogo tu. Sauti inatoka kwa RCA tu (plagi ndogo kama za redio ya nyumbani), bila XLR (plagi kubwa za vifaa vya kumbini). Waya mrefu wa RCA huokota mvumo wa umeme, kwa hiyo waya uwe mfupi na uweke DI (kisanduku cha kugeuza sauti ya RCA iingie kwenye waya wa XLR) karibu na mashine, kisha endelea kwa XLR hadi kwenye miksa ya ukumbi. Nobu za TRIM, za kupima ukubwa wa sauti ya kila wimbo, ziwekwe ili sehemu yenye kelele kuliko zote iishie chini ya taa nyekundu. Sauti iliyokatika kichwa kwa kuzidi kiwango ndani ya kontrola hairekebishwi na fundi wa miksa.

Pia hakuna tundu la kutolea sauti ya spika ya DJ, na hili linaumiza kuliko linavyoonekana. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimama mita 10 kutoka kwenye spika kubwa inakufikia imechelewa karibu milisekunde 29. Ukilinganisha mapigo ya hedifoni na ya ukumbi utarekebisha kosa ambalo halipo, na kwa kurekebisha utalileta. Sikiliza nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni, au umwombe fundi akutolee spika ndogo kutoka kwenye miksa yake na kuiweka usawa wa sikio, si zaidi ya mita mbili kutoka ulipo.