Fundi kompyuta wa Msamvu, na monita iliyosahau vipimo vyake kila asubuhi

Kwa muda wa wiki tano, kompyuta ya mezani ya ofisi yangu ndogo ya steshenari mjini Morogoro ilikuwa ikiwaka na maandishi makubwa yaliyotanuka, kwa sababu kioo kilikuwa kimerudi kwenye nukta 1024 kwa 768 badala ya 1920 kwa 1080, ambavyo ndivyo vipimo vyake halisi. Mashine yenyewe ni ya mtumba, nami niliihamishia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, baada ya muda wa msaada wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa prosesa yake haikidhi masharti ya Windows 11. Nilijifunza kuandika amri tatu za xrandr, programu ya kupangia vipimo vya kioo, kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kioo kilitii papo hapo. Lakini amri hizo hudumu mpaka kompyuta izimwe tu, hivyo kila umeme ulipokatika nilianza upya huku wateja wa kuchapa barua wakinisubiri dirishani.

Duka la kwanza nililolipelekea tatizo hili, ambalo sitalitaja, lilinitaka nipeleke CPU peke yake. Walipiga mfumo upya, wakanitoza shilingi 25,000, wakaniwashia mbele ya macho yangu kwenye monita yao, na picha ikatoka safi kabisa. Nilipofika ofisini, maandishi yalikuwa yametanuka vilevile. Nilirudi mara mbili, na mara zote mbili nilionyeshwa kwamba mashine haina kasoro, jambo ambalo, kusema haki, lilikuwa kweli.

Fundi ninayemwandikia tathmini hii ana kibanda cha meza mbili karibu na stendi ya Msamvu, na sehemu kubwa ya kazi yake ni simu. Ni binti wa makamo ya wanafunzi niliowafundisha kabla sijastaafu. Baada ya kuniamkia aliitazama CPU niliyoibeba, akauliza, “Mwalimu, na kebo yako iko wapi?” Nilipomjibu kwamba imebaki ofisini pamoja na monita, alikataa kuanza kazi, akanituma nikalete vyote viwili. Nilikasirika, maana nauli ya bajaji kwenda na kurudi na monita mapajani si jambo la kufurahia.

Aliunganisha kila kitu kama kilivyokuwa ofisini, tatizo likajitokeza, kisha akafungua faili ambamo mfumo huhifadhi EDID, yaani maelezo mafupi ambayo monita hujitambulisha kwayo kwa kompyuta: imetengenezwa na nani, ni ya aina gani na inakubali vipimo gani. Faili ilikuwa tupu. Akachomoa kebo ya VGA, ile inayopeleka picha kwenye monita, na kuimulika kwa tochi ya simu. Mimi niliona upesi tundu lisilo na pini katika safu ya kati, nikadhani nimegundua ugonjwa, lakini alinieleza kwamba hiyo ni pini ya 9, na kebo nyingi hutoka kiwandani bila hiyo. Ugonjwa ulikuwa safu ya chini, pini ya pili, yaani ya 12, ambayo ilikuwa imelala na kuzama ndani ya plastiki kiasi kwamba bila tochi huwezi kuiona.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini picha haikuwa na dosari nyingine yoyote. Rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kwenye pini ya 1, 2 na 3, na pini hizo zilikuwa nzima. Ya 12 hubeba maelezo ya utambulisho, kwa hiyo kompyuta ilipowaka ilikutana na monita isiyojitambulisha, ikachagua vipimo vidogo vya tahadhari. Alisema angeweza kuziweka amri zangu zijiendeshe zenyewe kila mashine inapowaka, lakini aliona kwamba huko ni kuficha tatizo, kwani kioo cha kuingizia nywila kingeendelea kuwa kibovu. Alinifungia kebo nyingine kwa shilingi 8,000, ufundi 10,000, akazima na kuwasha mara nne mfululizo nikiangalia. Sasa ni mwezi wa pili tangu siku hiyo, na umeme umekatika mara nyingi, lakini vipimo havijabadilika.

Kasoro zipo. Hatoi risiti mpaka umdai, na ile aliyonipa iliandikwa nyuma ya kipande cha boksi la chaja. Kibanda hakina kiti cha mteja, na jua la mchana huingia moja kwa moja. Ukienda, beba monita na kebo ile ile unayotumia, na ufike kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia hapo simu za kubadilishwa vioo hujaa mezani, na kompyuta husubiri hadi jioni.