Kamera ya gari ya 95,000 niliyonunua Makoroboi: miezi 7, na ile Noah iliyomwacha muuza maziwa

Wakuu, nilisema nikishaitumia vya kutosha nitaleta mrejesho, haya nimeleta. Ni kamera ya gari, ile ya kubandika kioo cha mbele, wengine wanaita dashikamu, ya Kichina isiyo na jina la kueleweka, boksi lake lina picha ya gari la kifahari na maandishi makubwa ya 4K. Niliikuta duka moja mitaa ya Makoroboi hapa Mwanza, muuzaji akaanzia 120,000 tukavutana mpaka 95,000, na memori kadi ya GB 64 akanipa kwa 25,000 huku anaapa kwamba ni orijino. Hiyo kadi nitairudia, bado nina hasira nayo.

Gari ni IST. Ruti zangu ni zile zile, Kisesa, Igoma, Nyakato mpaka mjini, na kila baada ya siku 2 alfajiri nampeleka mke wangu Mwaloni pale Kirumba anakonunua dagaa, kwa hiyo hii kamera imekula vumbi, imekula jua, imekula harufu ya dagaa, sidhani kama kuna mtu anaweza kusema sijaijaribu.

Mchana haina shida. Nilienda nayo Sengerema kwa Daraja la Kigongo–Busisi, yale maji pande zote mbili yanatoka safi kabisa, ukiangalia video unahesabu mpaka nguzo za taa, na mwanangu aliirudia mara 3 kwa sababu zamani tulikuwa tunasubiri kivuko pale mpaka mtu anasinzia. Ila hiyo 4K ni ya kwenye boksi tu, nilihamishia video kwenye laptop ikasoma 1080. Siyo mbaya, ila kwanini unidanganye?

Kasoro ya kwanza, lile limpira la kunyonya kioo. Saa 8 mchana ukipaki juani linaachia, unarudi unakuta kamera iko chini ya kiti inarekodi zulia. Nilitoa nikabandika na gundi ya pande mbili ya 3,000, mpaka leo haijadondoka.

Ya pili nilidhani ni ndogo, saa. Kibetri cha ndani ni kibovu (hizi za bei ya chini nyingi zina betri, zile za maana zina kapasita ambayo inavumilia joto), kwa hiyo ukizima gari ukiwasha inakwambia leo ni tarehe 01/01/2019. Nikaona aah, itanisaidia nini tarehe, najua leo ni lini. Subirini.

Ya tatu ni ile sensa ya mtikisiko. Inavyotakiwa kufanya kazi, kamera inarekodi vipande vya dakika 3 3, kadi ikijaa inafuta vya zamani, ila ikihisi kishindo inakifungia kile kipande kisifutike ili kiwe ushahidi. Wazo zuri sana kwa nchi zenye lami. Sasa mimi kutoka barabara kuu mpaka kwangu ni mawe na makorongo kama kilomita 1, kila korongo kamera inadhani nimepata ajali, inafungia. Wiki 2 kadi ikajaa makorongo matupu, ikaacha kurekodi kimya kimya, mimi natembea nayo kama pambo. Ingia kwenye mpangilio shusha ile sensa mpaka ya chini kabisa, muuzaji hatakwambia.

Sasa twende kwenye sababu ya mimi kuandika yote haya.

Mwezi wa pili, saa 11 na nusu alfajiri, tunatoka Kisesa tunakuja Igoma, giza bado. Mbele yangu kuna Noah nyeupe ilinipita kwa fujo, na mbele yake kuna kijana wa maziwa, mnawajua hawa vijana, baiskeli ya Phoenix, madumu mawili nyuma moja ubavuni, hana taa hana hata kitambaa cha kung'aa. Noah ikamchukua kwa upande wa kushoto. Haikugusa hata breki, ile taa nyekundu haikuwaka kabisa, ikayumba kidogo ikanyooka ikaenda. Kilichobaki mbele ya taa zangu ni baiskeli imekunjika na maziwa yanatiririka kwenye lami, meupe peee, na yule kijana amekaa katikati ya barabara ameshika mguu kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Tulimpeleka hospitali na IST hiyo hiyo, mguu umevunjika mara 2 chini ya goti, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikafuatia, na jioni nikachomoa kadi nikasema huyu leo hatoki, kamera nilinunua kwa kazi hii.

Nikaangalia video mara 20. Namba haisomeki. Nasema haisomeki kabisa, ni kale kakibao ka njano kameungua kwa mwanga wa taa zangu kama jua, unaona T na baada ya hapo ni kama mtu amemwaga unga. Hapa nimejifunza kitu ambacho kila anayetaka kununua ajue, kamera za lenzi pana, hizi wanazoandika digrii 170, zinaona barabara nzima mpaka mitaroni ila kila kitu kinakuwa kadogo, na usiku kitu kinachoakisi mwanga kama kibao cha namba kinaungua. Kusoma namba usiku inabidi uwe mita chache sana nyuma yake, yani uwe umeshamgusa na wewe.

Kilichosomeka ni maandishi ya kwenye kioo cha nyuma. MUNGU HAMTUPI MJA WAKE. Herufi nyekundu, na ile J imebanduka nusu.

Nikaenda kituoni nikapokelewa vizuri tu, nikafungua video, askari akaangalia akaniuliza, "Mzee hii mbona ni ya 2019?" Hapo ndo nikakumbuka ile saa. Nilitumia nusu saa kumuelewesha mtu kwamba kamera inaongopa tarehe lakini haiongopi tukio, na nikiwa naongea hata mimi nikajisikia kama tapeli. Mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015, ila lazima uonyeshe umetunzwaje na unaaminika kiasi gani, sasa wewe na 2019 yako mwambie hakimu.

Gari lilipatikana kwa bodaboda. Nilikata picha ya kile kioo cha nyuma nikawapa vijana wa kijiwe Igoma, na hilo najuta nusu. Ndani ya siku 1 picha ilikuwa kwenye magrupu sijui mangapi, na kumbe mji huu una Noah 2 nyeupe zenye maneno hayo hayo, ya kwanza kukamatwa ilikuwa ya jamaa wa Buhongwa ambaye alfajiri ile alikuwa kalala kwake, walimtoa kwenye usukani tayari wamemshika kola, kilichomuokoa ni ile J, yake ilikuwa nzima. Nilimpigia simu kumuomba radhi, akasema, "Ng'wanawane, ningekufa kwa picha yako." Sikuwa na jibu. Picha peleka polisi, magrupu yaache, mi nimejifunza kwa roho ya mtu.

Ile yenyewe ilipatikana kesho yake. Na hapa ndo penye mada.

Mwenye gari alikuja hospitali na wazee wawili na mfuko wa machungwa. Dereva alikuwa mdogo wake, anatoka kwenye starehe na watu ndani ya gari. Wakaongea na mama yake yule kijana, mayu wa watu amekaa kwenye benchi amevua ndala, tuyamalize, tunalipa matibabu, tunanunua baiskeli mpya, kesi itamsaidia nini mwanao. Akakubali. Simlaumu, kijana ndiye alikuwa analeta hela ya unga. Ila mimi nilitoka pale nimejaa, kwa sababu gharama ya kumgonga mtu na kusimama, na gharama ya kumgonga mtu na kukimbia, imekuwa ile ile, matibabu na baiskeli. Na kama isingekuwa nusu ya herufi J, ya kukimbia ingekuwa sifuri.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, na inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, asaidie, atoe taarifa. Siyo kwamba haipo. Shida ni hesabu inayopigwa na dereva kichwani. Mlevi akisimama anapimwa pombe palepale, akikimbia akalala akaamka akaja kesho na wakili hakuna wa kumpima, sasa we ungekuwa mlevi ungefanyaje? Nikakaa usiku nasoma wenzetu wamefanyaje. Kule Florida, Marekani, walikuwa na ugonjwa huo huo kwenye maandishi kabisa, mlevi aliyeua akabaki pale pale kima chake cha chini ni miaka 4, aliyekimbia kima chake kilikuwa chini ya hapo, ndo alivyouawa mwendesha baiskeli anaitwa Aaron Cohen, Miami 2012, na 2014 wakapitisha sheria yenye jina lake, ukiua ukakimbia unaanzia miaka 4 kwa lazima. Uingereza nao 2022 wamepandisha kuua kwa kuendesha hovyo mpaka kifungo cha maisha, lakini kosa la kutosimama lenyewe mwisho wake ni miezi 6, kwa hiyo dereva mjanja bado ana sababu ya kukanyaga mafuta.

Mimi nataka ya kwetu iwe hivi, kukimbia liwe kosa zito linalosimama lenyewe, lisimalizwe na wazee na machungwa hospitalini. Kulipa matibabu mlipe, baiskeli mnunue, ila kile cha kumwacha mtu gizani kiwe cha Jamhuri.

Na mtaniambia watu wanakimbia kwa sababu ya wananchi wenye hasira, wanaogopa kuchomwa. Najua. Najua zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu hii kamera inarekodi na sauti, kitu ambacho nilikuwa nimesahau. Kwenye video, kishindo kinasikika dakika ya 1 na sekunde 12. Gari langu linampita yule kijana sekunde ya 17. Nasimama sekunde ya 40. Hizo 23 katikati mimi naonekana natembea tu, taratibu, na sauti yangu inasikika kabisa, "tukisimama watasema ni sisi, watatuchoma," na sauti ya mke wangu, "Baba Kulwa simama. Simama bana. Simama!" Mara 3. Kichwani kwangu mimi nilisimama palepale, ningeapa hata msikitini, hata kanisani. Kamera ina maoni tofauti.

Kwa hiyo hofu naielewa, ila kama unaogopa kipigo kituo cha polisi kipo, endesha moja kwa moja mpaka pale ujisalimishe. Noah ile ilipita kituo ikaenda kulala.

Na hata wakiandika miaka 30, bila namba inayosomeka hamna wa kumfunga, na hata bima hamna, maana bima ndogo ni lazima kwa kila gari na ukiwa na namba unaihakiki mwenyewe mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, ila namba uwe nayo sasa. Mtu anafukia kibao chake kwa tope makusudi tunamwangalia tu. Mimi tangu siku hiyo yangu nafuta kila asubuhi na kitambaa, mke wangu ananicheka.

Tuimalizie kamera. Ile memori kadi "orijino" ilikufa mwezi wa nne, bahati nilishahamisha video. Nilirudi dukani, kijana akaniambia guarantii ni ya kamera, kadi "ni mali ya kawaida". Kadi za kawaida hazijatengenezwa kuandikwa juu juu masaa yote kwenye joto, zipo zilizotengenezwa maalum kwa kamera za ulinzi, tafuta hizo, usinunue ya kuwekea mziki. Nimepata moja kwa 55,000 na kazi inaenda. Saa nairekebisha kwa mkono kila nikiwasha gari, sekunde 30, imekuwa kama kupiga mswaki. Waya fundi amenipitishia juu pembeni ya nguzo kwa 10,000 ili usinining'inie usoni.

Maksi? Naipa 6 kwa 10. Mchana 8, usiku 4, na muuzaji tusimpe. Ukiwa na uwezo ongeza hela uchukue yenye kapasita na lenzi isiyo pana sana. Kamera ya nyuma nimeshaagiza kwa jamaa anayepanda Dar wiki ijayo, na kama kuna mtu anajua fundi Nyakato au Mabatini anayebadilisha kibetri cha ndani cha hizi kamera bila kuua skrini aniandikie hapo chini, nimechoka kuishi 2019.