Kahawa na Mazungumzo ya Kongo katika Baraza Moja ya Mji Mkongwe

Baraza hii naipendekeza kwa yeyote anayetaka kuufahamu mgogoro wa mashariki ya Kongo. Kahawa ni chungu, ya moto na yenye tangawizi, na kashata ni ya kawaida tu. Kinachonirejesha kila baada ya sala ya alasiri ni namna wazee wanavyozichambua habari za usuluhishi.

Juzi mzee mmoja alipanga finjani tatu juu ya sakafu ya baraza: ya Kinshasa, ya Kigali na, mbali kidogo, ya Washington, ambako mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano tarehe 27 Juni 2025. Kisha akaiweka ya nne pembeni, akieleza kwamba kundi la waasi la M23, linalopigana na serikali ya Kongo, halikuwemo katika saini ile, bali lilikuwa likizungumza na Kinshasa huko Doha. Kwa finjani hizo nilielewa kwa nini mapatano ya serikali mbili pekee hayatoshi kunyamazisha bunduki.

Kasoro ninayoiona, na inaniuma, ni kwamba mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, uliotaka vita visitishwe bila masharti, hupitiwa haraka mno, ilhali ulifanyika jirani yetu kabisa na Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, ikatekwa na M23 takriban wiki moja baadaye. Wanaokwenda wawahi, kwani Magharibi ikikaribia dele la kahawa huwa tupu.