Koti la ampaya: fundi wa Biashara Street anajua kazi

Jamani nyinyi mnaosimamia kriketi wikendi hapa Mombasa, koti shonesheni. Mi niko mwaka wa saba wa uampaya na miaka yote hiyo nilikua navaa la kuazima, polista nzito, ikifika saa saba mchana mwezi wa Februari mgongo umeroa na bado ova thelathini, kila ova mipira sita, ziko mbele. Watu wadhani ampaya kasimama tu, kumbe mechi ya ova 50 ni mipira 300 kila upande na hakuna hata mmoja wa kuangalia nusunusu.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja wa cherehani, kichochoroni nyuma ya maduka ya leso, nikamwambia ami nataka koti jeupe refu, pamba nyepesi. Kabla ya kunipima akaniuliza, "Mikono waifanyia nini?" Nikamuonesha ishara zetu pale pale dukani, mikimbio sita mikono yote juu, mikimbio nne mkono wapepea mbele ya kifua, waidi (mpira uliopita mbali na mpigaji) wanyoosha huku na huku, legi bai (mikimbio ya mpira uliogonga mwili si bati) wainua goti waligusa. Akanambia rudia ile ya sita, huku ashika kwapa na pini. Sijawahi kupata fundi wa kuuliza hivyo! Mfuko wa mpira wa akiba ni mkubwa, na kuna kimfuko kidogo cha beli mbili, vile vijiti vidogo vya juu ya wiketi.

Lawama yangu moja, alisema siku nne zikawa kumi, Jumapili ile nikarudia koti la zamani. Kushona alichukua 2,800, kitambaa nilinunua mwenyewe.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni uwanjani. Steve Bucknor wa Jamaica, alosimamia fainali tano za Kombe la Dunia mfululizo kuanzia 1992 mpaka 2007, alijulikana kwa kutoharakisha kidole cha kumtoa mpigaji, wachezaji wapige kelele watakavyo yeye kimya kwanza. Na joto likikuzidi kungoja hivyo huwezi, wataka tu yaishe. Juzi ova ya 47 wakapiga kelele zote za mguu mbele ya wiketi, yaani mpigaji atoke kwa kuukinga mpira kwa mguu, nikatulia, nikaurudisha mpira kichwani, ulidundia nje ya stampu ya mguu, kile kijiti cha wiketi cha upande wa miguu ya mpigaji. Nikakataa. Kwa lile koti la zamani sijui kama ningeuona.

Mkienda nendeni asubuhi, na siku alizowapa ziongezeni wiki.